Mchungaji wa Familia ya Mchungaji Ni Nani?

Kijana akiwekewa mikono, nyumba yake nzima hupata cheo siku hiyohiyo. Yeye anakuwa mchungaji, mkewe anaitwa mama mchungaji, na wanawe, hata yule anayenyonya, wanakuwa watoto wa mchungaji. Watu wanashangilia, na wana haki ya kushangilia. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi siku hiyo: mke na watoto wale wamempoteza mchungaji wao. Zamani mama yule alipoumia moyoni alikuwa na mtu wa kumwendea, akalia mbele yake, akaombewa, akarudi nyumbani mwepesi. Sasa mtu huyo ni mume wake, na mara nyingine mume huyohuyo ndiye anayemliza. Amwendee nani?

Nimetumika miaka mingi na nimelea watoto ndani ya nyumba ya kanisa. Watumishi vijana hunijia na maswali juu ya mahubiri, juu ya sadaka, juu ya migogoro ya kwaya. Hili hawaniulizi. Naliandika bila kuulizwa kwa sababu nimeona ndoa za watumishi wazuri zikifa polepole, kila Jumapili mume akihubiri vizuri, na hakuna aliyejua.

Tazama nyumba ya Eli. Alikuwa kuhani, akawaamua Israeli miaka 40. Mtoto wa watu, Samweli, alipoitwa usiku bila kujua ni nani anayemwita, Eli ndiye aliyemfundisha kujibu: "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Ni huduma njema kabisa. Lakini rudi nyuma sura moja, kwenye 1 Samweli 2:12, nako tunaambiwa kwamba wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, hawakumjua BWANA. Walikuwa makuhani! Watu walileta dhabihu, na mtumishi wa kuhani akaja na uma wa meno matatu kuchukua nyama, na vijana hawa walisimamia yote hayo bila kumjua Mwenye dhabihu. Mzee aliyemwongoza Samweli, mtoto wa Hana, hadi kwenye sauti ya Mungu alikuwa na vijana wawili nyumbani kwake ambao sauti hiyo hawaijui. Aliwaonya, ndiyo, lakini alikuwa amekwisha kuwa mzee sana, na habari zao alizipata kwa watu. Kila nikisoma huwa nasimama hapo. Habari za wanawe alizisikia kwa watu wa nje. Ndani ya nyumba hapakuwa na aliyekuwa akisema na mwenzake.

Na Samweli, aliyelelewa katika nyumba hiyo na kupeleka kwa Eli, akiwa mtoto, ujumbe ule mzito wa hukumu ya Mungu juu ya nyumba ya Eli, naye yalimkuta. Kila mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiwaamua watu, kisha akarudi Rama, kwake. Wanawe Yoeli na Abiya aliwaweka kuwa waamuzi huko Beer-sheba, wakapokea rushwa na kupotosha hukumu. Hata hivyo, soma kwa makini uone tofauti. Eli alihukumiwa kwa sababu alijua na hakuwazuia. Samweli hatusomi popote kwamba alikemewa kwa ajili ya wanawe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoinua 1 Timotheo 3:5, kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu, kama fimbo kila mtoto wa mtumishi anapopotea. Paulo anauliza kuhusu kuisimamia nyumba, yaani kazi iliyo mikononi mwa mzazi. Moyo wa mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima uko mikononi mwa mtoto mwenyewe na Mungu wake. Mtumishi mwenzangu, kama mwanao ameacha imani nawe uliisimamia nyumba yako kwa uaminifu, usikubali kubebeshwa hukumu ya Eli. Mwombee, mwachie mlango wazi, na uendelee kutumika.

Sasa nirudi kwa mke, maana hapo ndipo penye jeraha linalofichwa kuliko yote. Ushauri wangu ni kwamba mama mchungaji awe na mtu wake wa kumwendea, mwanamke mkomavu katika imani, na ikiwezekana asiwe mshirika wa kanisa mnalolihudumia. Amchague yeye mwenyewe. Wewe usimchagulie, na akirudi usimwulize, "Mmezungumza nini?" Mke wangu ana mama wa namna hiyo, mtumishi mstaafu wa kanisa jingine. Najua kwamba wanaomba pamoja, basi. Siku nyingine anarudi na jambo la kuniambia mimi, tena amelipanga vizuri, kwa upole, na linanichoma pale hasa linapopaswa kunichoma. Siku nyingine hasemi kitu.

Wenzangu hupinga: siri za nyumba zitatoka nje. Nawajibu kwamba siri isiyo na mahali pa kuwekwa itatoka tu, na mara nyingi itatoka kwa mtu asiyefaa, wakati usiofaa, ikiwa imekwisha kuoza. Mwanamke anayeambiwa kila siku avumilie kwa ajili ya huduma ataanza kuichukia huduma, na akishaichukia huduma hayuko mbali na kumchukia Mungu aliyekuita. Hilo nimeliona kwa macho yangu katika nyumba zaidi ya moja.

Watoto nao wana lao. Binti yangu alipoingia ujanani alianza kujiuliza kama kweli Mungu anasikia maombi. Alimwambia mama yake kwamba angependa kumwuliza mtu ambaye swali hilo halitamuumiza. Maneno hayo yalinigusa sana, kwa maana yalikuwa ya upendo: alikuwa ananilinda. Tukamtafutia mzee wa kanisa mmoja, mtu mtulivu, mwalimu kwa kazi yake, na mke wake. Walikaa naye mara nyingi, muda mrefu. Sikuwahi kumwomba mzee yule taarifa. Baadaye binti akaanza kuniletea mimi maswali hayohayo, na mengine magumu zaidi, tukayazungumza njiani tukitembea. Kumbukumbu la Torati 6:7 lataja njia pamoja na nyumba: "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Watoto wanaosikia mahubiri yako kila juma hawahitaji mahubiri mengine mezani. Wanahitaji baba anayetembea nao na kusikiliza.

Na usiwatumie kama mifano madhabahuni. Kama ni lazima kumtaja, mwombe ruhusa kwanza, naye akisema hapana, iwe hapana.

Historia ya kanisa ina nyumba moja ninayopenda kuwasimulia vijana. Susanna Wesley, mke wa kasisi huko Epworth, Uingereza, alizaa watoto 19, na waliopona utotoni walikuwa 10. Pamoja na kazi zote hizo alitenga jioni moja kwa kila mtoto, wakae peke yao wazungumze habari za roho yake. Siku ya John, yule aliyekuja kuwa mwanzilishi wa Wamethodisti, ilikuwa Alhamisi, na ya ndugu yake Charles ilikuwa Jumamosi. John alipokuwa mtu mzima, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba ampe tena kidogo cha ile jioni ya Alhamisi. Fikiri juu ya hilo: msomi wa Oxford anaikumbuka saa ambayo mama alikuwa wake peke yake.

Lakini simulizi haiishii hapo, na wanaoisimulia hupenda kuikata mapema. John alioa mwaka 1751, na katika shajara yake ya mwaka huohuo aliandika kwamba haoni jinsi mhubiri wa Kimethodisti atakavyoweza kujibu mbele za Mungu akipunguza hubiri moja au siku moja ya safari kwa sababu ya kuoa. Alilishika neno lake. Ndoa ile ilikuwa ya uchungu, na mwaka 1771 mkewe alipoondoka aliandika kwa Kilatini kwamba hakumwacha, hakumfukuza, wala hatamwita arudi. Namheshimu sana Wesley, na maelfu wasiohesabika walimjua Kristo kupitia kazi yake. Katika hili simfuati. Alipewa jioni ya Alhamisi akiwa mtoto, na mkewe hakuipata.

Ukiniuliza muda utatoka wapi, nitakupeleka Kutoka 18. Tumezoea kuifundisha sura ile katika semina za uongozi, jinsi Musa alivyogawa kazi kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Tunasahau inavyoanza. Musa alikuwa amemrudisha mkewe Sipora kwa baba yake Yethro, na Yethro anakuja jangwani akimletea mkewe na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri. Siku ya pili yake Musa anaketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Hapo ndipo baba mkwe anaposema, "Jambo hili ufanyalo si jema." Maandiko hayasemi kwamba alikuwa anamfikiria binti yake, na sitaki kuongeza neno. Lakini mimi ni baba wa binti, na kila nikisoma nasikia sauti ya baba. Gawa kazi. Wazee wapewe mamlaka ya kweli: wakatembelee wagonjwa, wasuluhishe, wafundishe. Tenga jioni ambayo hakuna kikao wala ushauri, uitangaze kanisani wazi, na msiba ukitokea jioni hiyo mzee wa zamu aende kwanza.

Kwenu wazee wa kanisa nina neno pia. Mama mchungaji si karani wa mumewe, kwa hiyo msimpe ujumbe wa kumfikishia. Akikujia wewe au mkeo na mzigo wake, usikilizeni na mwombe naye, na yale ya kawaida ya ndoa yabaki hapo, yasipelekwe kwenye baraza. Lakini akisema anapigwa, au mtoto anaumizwa, hilo si siri ya kutunzwa kwa heshima ya madhabahu. Msimwambie arudi akaombe. Usalama wake na wa watoto uwe wa kwanza, usiku huohuo kama ni usiku, na anayeumizwa asaidiwe kufika kwa vyombo vya sheria. Kisha viongozi walio juu ya mchungaji waarifiwe, naye aondoke madhabahuni wakati jambo hilo linachunguzwa, hata kama Jumapili inayofuata hakuna mwingine wa kuhubiri.