Kodi ya mafuta haiishii kwa mwenye gari
Ndugu yangu, umesema kodi ya mafuta ikipanda wanaoumia ni wenye magari. Si kweli. Kenya ilipopandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, Julai 2023, aliyetoa pesa pale pampu ni dereva, lakini mzigo aliusukuma mbele. Nauli ya matatu haitozwi VAT, kwa hiyo mwenye matatu hawezi kudai arudishiwe ile aliyolipa kwenye dizeli. Anaipachika kwenye nauli. Abiria yeye hana wa kumsukumia, na kazini lazima afike.

Lori la nyanya kutoka Mwea ni yale yale: ama mama mboga apunguze fungu, ama mkulima apewe bei ya chini shambani, maana nyanya zilizoiva hazingoji.

Kinachoniuma zaidi ni mafuta ya taa. Mwaka 2018 yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili watu wasiyachanganye na dizeli. Kuwazuia wachakachuaji ni sawa, ila anayepikia stovu katika chumba kimoja Mathare hakuchanganya chochote, wala hana gari, na alilipa tozo hiyo kwa kila lita.