Umeacha Pombe na Usingizi Umekimbia? Soma Hii Kabla Hujarudi Grosari

Nianze na habari mbaya ili tusidanganyane. Ukiacha pombe leo usitegemee kesho utalala fofofo. Wiki ya kwanza ndo balaa lenyewe, unageuka kitandani mpaka shuka linajiviringa miguuni, ukibahatika ukapata lepe la usingizi unaota mandoto ya ajabu, unaamka umelowa jasho. Na wengi ninaowajua hapa Tanga wameangukia hapohapo. Wala sio marafiki waliowarudisha, ni ile saa nane ya usiku mtu yuko macho peke yake anajiambia sa kama pombe ndo ilikuwa inanilaza si bora nigonge mbili tu nilale, kesho nna kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Ngamiani, na kushika mashine ya welding hujalala ni kujitafutia kuungua, kwahiyo hilo wazo nalijua vizuri sana.

Kabla sijaendelea, kuna watu makala hii haiwahusu. Kama wewe unakunywa kila siku na asubuhi lazima uzimue ndo mikono itulie, USIACHE GHAFLA mwenyewe nyumbani. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio vinaweza kuanza ndani ya masaa machache tu tangu kinywaji cha mwisho, degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, halafu siku ya pili au ya tatu mtu anaanza kuona na kusikia vitu ambavyo havipo. Hiyo inaua. Nenda hospitali, kwa sisi wa Tanga ni Bombo, au kituo cha afya kilicho karibu useme ukweli unakunywa kiasi gani, zipo dawa za kukuvusha na watakupa na vitamini B1. Daktari hana muda wa kukutangaza mtaani.

Sasa turudi kwetu wengine. Kilevi kinaipa nguvu ile kemikali ya ubongo inayotuliza, inaitwa GABA, na kinaibana inayochangamsha, glutameti. Ubongo haukubali kuonewa kila siku, unajipanga upande wa pili, unapunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza uchangamfu ili muende sawa. Waulize wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga, upepo ukiwa mkali watu wanakaa upande wa joshini, kule upepo unakotokea, kukisawazisha chombo, sasa upepo ukate ghafla na wao bado wamekaa kulekule, chombo kinawalalia. Ukiacha pombe ndo uko hapo. Upepo umekata lakini ubongo bado umeegemea, na itachukua wiki kadhaa kurudi katikati, kwa wengine miezi.

Na hata enzi hizo ulikuwa hulali kihivyo. Bia moja ya nusu lita ini linahangaika nayo kama masaa mawili au zaidi, sasa piga hesabu ya mtu aliyemaliza ya tatu saa tatu usiku, kilevi kinakwisha mwilini usiku wa manane na hapohapo ubongo unachangamka, macho yanakutoka. Bado hujaenda chooni mara kibao, maana pombe inazuia ile homoni inayoambia figo zisitoe maji mengi. Bado kukoroma, maana misuli ya koo inalegea. Ila asubuhi unasema nimelala vizuri kwa sababu hukumbuki kitu.

Ndoto sasa. Pombe inabana ule usingizi wa ndoto, ukiacha unarudi kwa fujo kudai nafasi yake. Mimi nilikuwa naota niko kijiweni kwa mnazi, kibuyu mkononi, mpaka ule ukali wa mnazi wa jioni nausikia kooni. Naamka moyo unadunda, napumulia kiganjani najinusa. Siku moja nikamwamsha mke wangu, mama Zuhura hebu ninuse mdomo. Akaninusa kweli, feni imezima umeme umekatika, mmoja kalowa jasho mwenzie kajaa usingizi. Akasema "Baba Zuhura, unanuka vitunguu, lala."

Shangazi yangu aliposikia habari za ndoto na jasho akasema hayo ni majini, nikasomewe. Nikasomewa, kisomo hakina ubaya na moyo ulitulia, ila wewe usije ukatoa hela yako kwa mganga anayekuambia umefungwa usingizi wakati unajua kabisa juzi juzi ndo umeacha gongo. Tatizo letu watu wa pwani tunakunywa kwa kujificha, kwahiyo hata tukiacha tunaacha kwa kujificha, na mtu akikuona macho mekundu kazini huna cha kumwambia. Tafuta hata mmoja wa kumwambia, mwenzangu nimeacha, silali, nivumilie.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuamka muda uleule hata kama nimelala masaa mawili tu. Adhana ya alfajiri ikilia nainuka, natoka nje, natembea mpaka jua litoke, ile mwanga wa asubuhi ndo unauambia mwili mchana umeanza, usiku wake nao unajulikana. Mchana usilale sana, dakika ishirini zinatosha, najua joto la kaskazi linakuvuta kwenye mkeka lakini ukilala mpaka alasiri usiku wako umeshaula. Na ukikaa kitandani unahangaika muda mrefu toka. Kaa barazani, mwanga hafifu, simu iache ndani, rudi macho yakiwa mazito. Kitanda kisizoee kukuona unakodoa macho juu ya neti.

Halafu kahawa jamani. Huku kwetu ukitoka kwenye pombe unahamia wapi kama sio barazani kwa kahawa, jioni muuza kahawa anapita anagongesha vikombe, kimoja kitamu, cha pili cha kashata, cha tatu cha stori ya mpira, na vile vikombe ni vidogo mtu hahesabu. Kafeini nusu yake inabaki mwilini masaa matano hivi baadae. Kahawa ya saa moja jioni, saa sita usiku nusu yake bado iko kazini. Mimi baraza sikuacha, maana ningekaa wapi, ila baada ya adhuhuri naagiza tangawizi. Wanacheka, wamezoea.

Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila cheti achana navyo, valiamu hasa, maana inafanya kazi palepale pombe ilipokuwa inafanyia na utatoka shimo moja uingie lingine, na ukichanganya na pombe siku ukiteleza inaweza kukuzimia pumzi. Piritoni nayo watu wanaimeza kama pipi, ni dawa ya mzio hiyo, inakuacha mzito mpaka mchana. Bangi na mirungi sitaki hata kuvijadili.

La mwisho ni la hawa wanaoacha Ramadhani tu, na tunajuana. Mtu anaacha mwezi unapoandama, halali, anasema ni daku, na kweli daku inakata usiku vipande viwili, kwahiyo hajui kipi ni pombe na kipi ni mwezi wenyewe. Idi inafika, usingizi ndo kwanza ulikuwa unaanza kukaa sawa, yeye anasherehekea na anarudi palepale pa mwanzo, mwakani atateseka upya wiki zilezile mbaya. Kama ni hivo unavyoacha basi Idi ikipita vumilia kidogo tena, na usingizi wako uupime kuanzia Mfunguo Mosi huko, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiwa unalala usiku mzima hakuna wa kukuamshia ngoma ya daku.