Jeshi la EAC lilienda Goma kufanya nini?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi nauza vitenge hapa Kigoma, wateja wangu wengi wanavuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie, kule vita ikiwaka na huku biashara inalala. Naomba nieleweshwe, si 2022 jeshi la EAC, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki, lilienda Goma, mashariki ya Kongo? Mwaka tu wakafungasha, halafu Januari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji. Sasa hizi jumuiya zinatusaidia nini? – Mama Vitenge

JIBU: Marahaba mama, pole na biashara. Aisee tatizo lilianza siku ya kwanza, Kinshasa, yaani serikali ya Kongo, ilitaka watu wa kuwapiga M23, wale askari wa EAC wakaja kukaa katikati na kushika maeneo ambayo waasi walitakiwa wayaachie, basi muda wao ulipoisha Desemba 2023 Kinshasa haikuwaongezea. Wakaingia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, vijana wetu wa JWTZ wakiwemo na wenzao wa Sauzi na Malawi, nao Machi 2025 wakaambiwa basi, rudini.

Ila mimi silaumu askari. Hebu angalia waliomo humo EAC: wataalamu wa UN wanasema Rwanda inawabeba M23, Kigali inakataa, na Burundi nayo ilipeleka wanajeshi wake huko upande wa Kinshasa. Hao wote wanakaa meza moja, unategemea wakubaliane nini?

Linganisha na Burundi ya zamani, we wa Kigoma unaijua, wakimbizi walijaa kwenu. Meja Buyoya kapindua serikali Julai 1996, wiki haijaisha majirani wako Arusha wanaweka vikwazo, na nchi yenyewe haina bahari, mafuta yapite wapi? Wananchi waliumia na magendo yalikuwepo, hilo sifichi, lakini presha ilitoka kwa majirani kwa pamoja. Mwalimu akasimamia mazungumzo mpaka alipofariki 1999, Mandela akapokea, Agosti 2000 wakasaini mkataba wa amani. Na hata hapo waasi wa CNDD-FDD hawakusaini, bunduki zao zikalia mpaka 2003 huko.

Februari 2025 EAC na SADC walikutana Dar wakaamua mazungumzo ya amani ya Kongo, ya Nairobi na ya Luanda, yawe kitu kimoja. Hiyo naikubali, maana kabla ya hapo ukibanwa Nairobi unakimbilia Luanda. Ila kufungiana mafuta kama enzi za Buyoya, hilo kwenye kikao hawakuligusa.