Mfumo Unasubiri Nini?

Ofisi nyingi za kwetu zina jibu moja kwa kila tatizo la kompyuta: mtandao unasumbua. Mteja anaambiwa hivyo, bosi anaambiwa hivyo, na mwishowe hata sisi tunaoandika mifumo tunaamini. Mimi niliamini wiki mbili nzima.

Mfumo wenyewe ni wa SACCOS moja, wa kupokea marejesho ya mikopo. Katikati ya mwezi unakimbia vizuri tu. Zikifika tarehe za mishahara, karani akibonyeza "Hifadhi" anaweza kumaliza kikombe cha chai risiti haijatoka. Dada mmoja wa dirishani alikuwa akinipigia simu karibu kila siku: "Kaka, mfumo wako umelala tena." Nami nikakimbilia pale tunapokimbilia wengi, nikapandisha seva. RAM mara mbili, prosesa mara mbili. Bili ikapanda, foleni ikabaki palepale.

Ningetazama kwanza, ningeona kwamba saa ile ile watu wanalalamika, prosesa ilikuwa haina kazi. Programu ikichelewa, ama inafanya kazi nyingi, ama inasubiri kitu. Ikiwa ni kazi, utaiona kwenye prosesa au diski. Ikiwa ni kusubiri, mashine kubwa itasubiri vilevile, ila kwa bei ya juu.

Kwa hiyo siku hizi sifungui kodi (code, maandishi ya programu) kabla sijaongea na anayekwama. Kitufe gani? Saa ngapi? Wenzako nao wanakwama? Swali hilo la mwisho sikuwa nimeliuliza, na dada alikuwa na jibu siku zote: "Nikiwa peke yangu inaenda. Tukiwa wanne ndiyo balaa."

Baada ya hapo, gawanya muda. Logi (daftari la maombi) ya kawaida ya Nginx, programu inayopokea maombi ya wateja na kuyapeleka kwenye programu yako, haiandiki muda uliotumika, lazima uongeze mwenyewe. Mimi naongeza vipimo viwili: `$request_time`, yaani tangu ombi lianze kupokelewa mpaka jibu limemalizika kutumwa kwa mteja, na `$upstream_response_time`, muda ambao programu yako yenyewe imechukua kujibu. Cha kwanza kikiwa kikubwa na cha pili kidogo, basi kweli mtandao unasumbua, mwache fundi wako wa kanzidata (database) apumzike. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, hakuna indeksi (faharasa ya kanzidata ya kupata data haraka) ambayo ingetuokoa. Na kama seva yako iko Frankfurt na wateja wako Dar, kila safari ya kwenda na kurudi inakula zaidi ya milisekunde 100, na kivinjari kinahitaji safari kadhaa za kusalimiana kabla hata hakijaomba ukurasa. Kwangu namba zote mbili zilikuwa kubwa, na zililingana. Mtandao haukuwa na hatia.

Usisome wastani. Maombi 95 yakichukua sekunde 0.2 na 5 yakichukua sekunde 20, wastani ni sekunde 1.19, namba ambayo haijamkuta mteja yeyote. Panga maombi kwa muda, uangalie yale ya mwisho kabisa. Ndiyo yanayokupigia simu.

Sasa kanzidata. Natumia PostgreSQL, na nilikuwa nimewasha `log_min_duration_statement` ili swali lolote linalozidi sekunde moja liandikwe. Likajitokeza moja tu: UPDATE (amri ya kubadilisha data) ya mstari mmoja, salio la akaunti ya fedha taslimu ya tawi. Nikaipitisha kwenye EXPLAIN, amri inayoonyesha kanzidata itatekelezaje swali, ikatumia indeksi vizuri kabisa. Nikaiendesha mwenyewe usiku, milisekunde chache. Hapa watu wengi hukata tamaa na kurudi kwenye mtandao unasumbua.

Dawa ilikuwa kutazama mchana, watu wakiwa wamekwama, kwenye `pg_stat_activity`, orodha ya miunganisho yote na kila mmoja unafanya nini. Miunganisho mitatu ilikuwa inasubiri kufuli (lock: mmoja akiwa anabadilisha mstari, wengine wanaotaka kuubadilisha hungoja). Nikauliza `pg_blocking_pids()` nani kawazuia; akawa muunganisho wenye hali ya `idle in transaction`. Maana yake muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kufutwa yote) umefunguliwa, kufuli limeshikwa, na kanzidata haina inachoombwa kufanya. Ni kama nyumba ya wapangaji yenye bafu moja: mtu kaingia, kafunga komeo, kisha kaanza kuongea na simu.

Na kweli alikuwa kwenye simu. Kodi yangu ilifungua muamala, ikapunguza deni, ikaongeza salio la tawi, ikatuma meseji kwa mwanachama kupitia kampuni ya nje, ndipo ikafunga muamala na kuachia kufuli. Mwisho wa mwezi jibu la meseji lilichukua sekunde tatu, wakati mwingine zaidi. Karani wa nne alisubiri sekunde tisa kabla ya kuanza zake. Tena maktaba ya `requests` ya Python, niliyotumia kuiita kampuni hiyo, haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea, kwa hiyo siku kampuni ile ilipokwama kabisa, tawi zima lilikwama nayo.

Nilichofanya ni kidogo. Meseji sasa inaandikwa kwenye jedwali ndani ya muamala uleule, muamala unafungwa, na programu nyingine inazituma pembeni, ikiwa na kikomo cha sekunde tano. Faida ambayo sikuitarajia: zamani muamala ukishindikana mwishoni, meseji ya "umelipa" ilikuwa imeshaondoka. Niliweka pia `idle_in_transaction_session_timeout`, inayokata muunganisho ulioacha muamala wazi bila kazi, maana najijua, kuna siku nitasahau tena.

(Ukurasa wa orodha ya wanachama nao ulikuwa mzito, ila huo ni ugonjwa mwingine: kila mwanachama anaulizwa salio lake peke yake, watu 200, maswali 201. Kwenye laptop yangu yenye wanachama 10 wa majaribio sikuona kitu. Jaribu na data nyingi.)

Risiti sasa inatoka papo hapo, na seva nimeirudisha ilivyokuwa. Dada bado ananipigia. Meseji ikichelewa dakika moja, mwanachama haondoki dirishani, risiti anayo mkononi, anasubiri simu yake iite.