Unavuka Kanada kwa gari? Ogopa mwamba kabla ya milima

Ndugu zetu wa Toronto wakipata kazi Calgary hunipigia simu: "Kaka, nataka kwenda na gari langu. Hiyo milima inapitika?" Huwa nacheka kidogo. Ukitokea mashariki, Calgary unafika kabla hujaigusa milima. Niulize kuhusu Ontario, mkoa wenyewe wa Toronto, kwanza.

Mimi naendesha lori kati ya Toronto na Vancouver. Toronto iko kwenye nyanda za Maziwa Makuu (ya huku, si ya kwetu) na mto St. Lawrence. Ukanda wenyewe ni mdogo, ila karibu nusu ya Wakanada wanaishi humo. Barabara pana, mafuta kila kona. Hapo ndipo mgeni anapodanganyika.

Ukielekea kaskazini unaingia Ngao ya Kanada, mwamba wa kale unaofunika karibu nusu ya nchi. Barafu ya zamani iliukwangua udongo ikaacha mashimo, na mashimo yakajaa maji. Kwa hiyo barabara inazunguka ziwa hili, inapasua jiwe lile. Ukisimama kando utaona kwenye ukuta wa mwamba mifereji ya matundu yaliyotobolewa kutia baruti. Sehemu kubwa ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Kwenye nchi ya namna hiyo barabara haziwezi kuwa nyingi. Januari 2016 daraja jipya la Nipigon, huko huko kaskazini mwa Ontario, liliinuka upande mmoja, na nchi nzima ikakatika vipande viwili kwa barabara. Njia iliyobaki ilikuwa kupitia Marekani, na wengi wetu viza hatuna. Basi jaza mafuta tangi likifika nusu, beba blanketi na chakula, na jua likianza kuzama tafuta pa kulala. Kuna mnyama anaitwa moose, jamii ya kulungu, miguu mirefu mno: ukimgonga, mwili wake unakuja kwenye kioo.

Karibu na Winnipeg mawe yanakwisha ghafla. Unakanyaga sakafu ya ziwa la kale, Agassiz, tambarare kama meza. Mto Red hapo unatiririka kwenda kaskazini, kwa hiyo theluji huyeyuka kusini wakati mbele bado kuna barafu, maji yakarudi nyuma. Ukipanga nyumba huko, uliza habari za mafuriko. Na usiamini kwamba nyanda zote ni bapa. Winnipeg iko mita 240 hivi juu ya bahari, Calgary inapita 1,000. Unapanda bila kujua, upepo unakupiga usoni, mafuta yanakwisha haraka.

Kwa anayeendelea hadi Vancouver: kuanzia tarehe 1 Oktoba, barabara nyingi za milimani British Columbia zinadai tairi za majira ya baridi. Rogers Pass, njia ya kupenya kati ya milima hiyo, hufungwa mara kwa mara ili jeshi lipige mizinga kuangusha theluji kabla haijaporomoka yenyewe. Unasubiri foleni, unakunywa chai.

Wa Newfoundland, kwenye milima ya Appalachia iliyochakaa, mtahitaji feri. Na wanaoniuliza kuhusu mji wa Churchill, kwenye nyanda za Ghuba ya Hudson: hakuna barabara. Pandeni treni au ndege.