Wimbo ukichanganya ndo usikilize

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni shabiki wa jazz ya kina Miles Davis na Coltrane, juzi washkaji wakanipeleka dansi la wikiendi hapa Dar, bendi ya wazee inapiga laivu. Mwanzo nilisinzia kwa kweli, wanaimba taratiiibu, mara ghafla wimbo ukageuka ukumbi wote ukaingia kati, na wenyewe hauishi leo wala kesho. Nilikuwa sijui hata nisikilize nini. Na zile hela watu wanazombandika mwimbaji kwenye paji la uso, lazima na mimi nitoe? (Kijana wa Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri sana kwenda. Nyimbo za dansi nyingi zina nusu mbili. Ya kwanza ni ya kisa, mwimbaji anasimulia ndoa iliyovunjika au rafiki aliyemgeuka, magitaa yanakaa chini yanampisha, usisinzie hapo maana ukikosa kisa kile kiitikio cha baadae hakitakugusa. Halafu mashairi yanaisha, ngoma za tumba zinapanda, tarumbeta na saksafoni zinaanza kujibizana na waimbaji, hapo ndo wimbo umechanganya. Enzi za santuri ndogo zilizokuwa zinatengenezwa Nairobi wimbo wa hivi uliwekwa upande mmoja sehemu ya kwanza, unageuza santuri unapata ya pili. Ukumbini hakuna wa kuukata, watu wakiwa bado wanacheza bendi inaendelea tu.

Sasa wewe mtu wa Coltrane umezoea mpigaji mmoja asimame aondoke na wimbo wake mwenyewe, wenzake wamfuate. Dansi sivyo. Mpiga gitaa la solo anashika kipande kifupi anakirudia rudia, gitaa la solo la pili linapenyeza cha kwake katikati, gitaa la rizimu linajaza, besi inaacha nafasi, na ubunifu uko kwenye namna kile kipande kinavyobadilika kidogo kidogo mpaka unashangaa kimefikaje huko. Wikiendi hii chagua gitaa moja ulifuate mwanzo mwisho. Mimi ningeanza na solo la pili, halisifiwi sana lakini likinyamaza utasikia wimbo umepoa.

Na jina la jazz kwenye hizi bendi ni la siku nyingi, Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz ambayo baadae ilimtoa Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa maarufu, ikaanza 1944. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ni ya 1964, jina likabadilika ikawa Juwata, ikawa OTTU, ndo hii Msondo Ngoma ya leo, na Sikinde yaani Mlimani Park ilipoundwa 1978 mwimbaji wake Muhidin Gurumo alitokea huko huko Juwata, kwa hiyo ule upinzani wa Msondo na Sikinde ni wa ndugu kabisa. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, Western Jazz na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata.

Hela si lazima, kiingilio ulishalipa. Ila anayetunzwa sana ni mwimbaji kwa sababu yuko mbele, wa besi na wa tumba wako nyuma wanatoka jasho hakuna anayewaona, inaniuma sana hiyo. Ukiguswa na gitaa subiri mapumziko, mfuate mpigaji umpe mkononi na umtajie wimbo uliokugusa. Na ukiomba wimbo omba mpya wao, maana tukiwaomba zilipendwa tu kila wiki watatunga kwa ajili ya nani?

SWALI: Mzee, binti yangu anataka kujifunza saksafoni, nimpeleke wapi? (Mama wa Mbagala)

JIBU: Mama, Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA tangu 2002, wote wanafundisha muziki. Waulize kwanza kama wana chombo cha kumwazima, saksafoni ni ghali, usinunue kabla hajapuliza miezi kadhaa.