Seli ziko hai, mbona galaktosi inapungua?

SWALI: Naotesha seli za ovari ya hamsta wa China, zile za CHO, zinazotengeneza kingamwili. Hadi siku ya kuvuna nyingi bado ziko hai na protini ni ya kutosha. Lakini nikipima minyororo ya sukari iliyoshikamana na kingamwili hizo, galaktosi, mojawapo ya sukari zake, imepungua, na molekuli nyingine hazina mnyororo kabisa. Jeni ni ileile. Kimebadilika nini?
Mwanafunzi wa maabara

JIBU: Kilichobadilika ni lishe, ndugu yangu. Jeni hupanga asidi amino za protini. Mnyororo wa sukari seli huujenga kwa kile ilichonacho wakati huo.

Molekuli zisizo na mnyororo zinanifanya nitazame glukosi. Mnyororo wa mwanzo, wenye sukari 14, hupachikwa protini ikiwa bado inaundwa. Glukosi ikikauka kabla hujalisha tena, mnyororo huo haupatikani kwa wakati, na protini inapita tupu, bila mnyororo. Kwa hiyo pima glukosi kabla ya kulisha. Ukipima baada ya kulisha utaona namba nzuri ya kukupotosha.

Kwa galaktosi, namshuku zaidi amonia. Glutamini inapovunjwa huacha amonia, nayo ikilimbikizana hupunguza asidi ndani ya Golgi, sehemu ya seli ambamo vimeng'enya huongeza kwenye mnyororo galaktosi, kisha asidi ya siali, sukari ya mwisho wa mnyororo. Hapo kazi yao inazorota. Lakini usiikate glutamini ghafla! Nitrojeni yake ndiyo inayotumika kutengeneza N-asetiliglukosamini, sukari ambayo mnyororo hauwezi kuikosa. Ilishe kidogo kidogo, au tumia glutamati ikiwa seli zako zina kimeng'enya cha kutosha cha kuigeuza kuwa glutamini.

Amonia ikishatulia, jaribu kuongeza galaktosi, yuridini (malighafi ambayo seli huitumia kuiandaa galaktosi) na madini ya manganizi kwa pamoja. Kimeng'enya kinachounganisha galaktosi hakifanyi kazi bila manganizi, ila itie kwa kiasi kidogo sana, maana ikizidi ni sumu kwa seli.

Nakusihi usiridhike na wingi wa protini. Kwa mfano, erithropoietini, dawa ya protini inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, iliyopungukiwa asidi ya siali huondolewa na ini upesi kutoka kwenye damu, na mgonjwa ndiye anayekosa dawa.

Tena chukua sampuli kila siku. Unachovuna mwishoni ni mchanganyiko wa kingamwili za siku zote. Za mwanzo, zilizo nzuri, zinaficha ubovu wa zile za mwisho.